Kipanya cha Ndege Wanne: Shajara ya Gari la Safari, Mwanza

5 Julai 2025, Jumamosi. Nyakato

Gari limeingia uani leo saa nne asubuhi. Ni Hiace ya injini ya 3L, imebeba abiria wa Igoma miaka mingi mpaka mwenyewe akachoka nayo. Vipanya vya namna hii wenye biashara huwa wanaviuza vikiwa vimebaki mifupa, na hiki nacho kina kovu kila upande, ila injini inawaka kwa mara moja na gia zinaingia bila kugombana.

Kazi yangu ni fundi cherehani. Nusu ya mwezi nipo barabarani nikiwazungukia washonaji wa Magu, Lamadi, Bunda mpaka Musoma, nalala gesti, na ndege wangu wanabaki nyumbani. Ni wanne, kasuku wadogo wale wenye mistari mgongoni ambao mtaani kila mtu anawaita lavubedi. Nimewapa majina ya samaki wetu. Sato ni wa kijivu, Furu wa njano, Ningu wa bluu. Gogogo, wa kijani, alipata lake kwa sababu ya kelele. Gogogo wa ziwani naye ukimtoa majini analalamika mkononi.

Mwaka juzi walikuwa watano. Mke wangu alikuwa amesafiri, nami nikaenda Musoma siku nane nikawaacha kwa jirani. Aliwapenda kwa moyo wote, akawaweka jikoni wasipigwe na baridi. Ilikuwa mvua, madirisha yamefungwa, na jiko la mkaa linawaka hatua mbili kutoka kwenye tundu. Siku ya tatu mmoja alikutwa amelala chini, hana jeraha. Jirani alilia kunizidi. Simlaumu, maana na mimi wakati huo nisingejua kwamba mkaa ule ule ambao pengine binadamu anaukohoa tu unaweza kumuua ndege.

Mke wangu ndiye aliyesema, "Kama huwezi kuwaacha, nenda nao. Ila usiwapakie kama kuku wa mnadani."

Vipimo vya leo: kutoka nyuma ya kiti cha dereva mpaka mlango wa nyuma sm 270, upana sm 150. Viti vyote vya abiria vimeng'olewa, fundi sofa wa Buzuruga amevichukua. Kitanda kitakaa nyuma, sanduku la vifaa vya kazi chini yake, ndege katikati mbali na milango.

13 Julai, Jumapili. Moshi

Nilidhani wiki hii ningeanza mbao. Sijagusa hata ubao mmoja, na sijutii.

Zulia la zamani lilipotoka, sakafu ilionekana imetoboka sehemu tatu kwa kutu. Nikatandika shuka jeupe juu ya sakafu yote, nikafunga milango na madirisha, nikawasha injini nje ya mlango ikiwa hamna mtu ndani, nikaiacha dakika 20. Nilipofungua, shuka lilikuwa na madoa meusi juu ya kila tundu la kutu, na doa kubwa kuliko yote lilikuwa mbele, pembeni mwa mfuniko wa injini. Kwenye Hiace hizi injini iko chini ya viti vya mbele, na mfuniko wake umezungushiwa mpira. Wa kwangu ulikuwa umekauka na kukatikakatika. Abiria wote wale miaka yote wamekuwa wakivuta ekzosi.

Fundi bodi alicheka kwa upole. "Mzee wangu, daladala haiwezi kukosa moshi. Abiria wanashuka, wanapona."

Nikamwambia abiria wangu hawashuki. Halafu nikamweleza, na ningependa kila anayefuga ndege alijue hili. Mapafu ya ndege hayajai na kupungua kama yetu. Hewa inasukumwa na mifuko ya hewa iliyotawanyika mwilini, inapita kwenye mapafu kwa upande mmoja, ikiwa safi anapovuta na hata anapotoa pumzi. Ndiyo maana anaweza kuruka bila kuishiwa nguvu. Lakini njia hiyo hiyo ikileta sumu, inaileta haraka, na mwili wenyewe una gramu 30 au 40 tu. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walilijua hilo. Walishuka migodini na ndege wa aina ya kanari, akilegea walikimbia, na desturi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1986 ndipo vyombo vya kupimia vikachukua nafasi yake. Hapa Kanda ya Ziwa tuna wachimbaji wengi, kwa hiyo fundi alielewa mara moja. Akaacha kucheka, akaingia chini ya gari.

Zimefanyika: ekzosi mpya kuanzia katikati mpaka nyuma, bomba limevutwa lipite ukingo wa bampa, matundu yamezibwa kwa bati la kuchomelea, mpira mpya wa mfuniko wa injini. Jioni shuka likatandikwa tena. Doa moja dogo. Fundi akarudi chini. Saa kumi na mbili shuka likatoka jeupe.

Nimeagiza kifaa cha kupima kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, kitafungwa usawa wa tundu.

22 Julai, Jumanne. Kosa la wavu

Nililifurahia sana tundu langu la kwanza. Fremu ya mninga na wavu wa kuku uliong'aa. Nilimtumia picha binti yangu aliyeko Dodoma, akaniuliza swali moja: "Baba, huo wavu si wa zinki?"

Ni wa zinki. Wavu wa kuku hupakwa zinki usishike kutu, kama mabati ya nyumba. Kuku hana shida nao kwa sababu hautafuni. Kasuku, mkubwa kwa mdogo, anapanda kwa mdomo, anashika kwa mdomo, na akikosa kazi anatafuna. Vipande vya zinki vikiingia tumboni vinamtia sumu taratibu: analegea, anakunywa maji kupita kawaida, kinyesi kinabadilika. Gogogo peke yake angemaliza upande mmoja wa tundu kabla hatujafika Bunda.

Nimeuondoa wote. Nimetumia wiki nzima kutafuta nyaya za chuma kisichoshika kutu, nikazipata kwa fundi anayetengeneza majiko ya hoteli, na bei yake ilizidi mara nne ya wavu wa kuku. Nafasi kati ya waya na waya ni sm 1.2. Ikiwa kubwa zaidi, ndege wa kimo hiki anapitisha kichwa na hawezi kukirudisha.

Tundu sasa ni sm 90 kwa 45, kimo sm 50. Limefungwa kwa bolti nne kwenye sakafu, si kwa kamba. Ndani hakuna kengele, kioo wala bembea wakati wa mwendo, vyote hivyo vinageuka mawe gari likifunga breki. Vijiti vya kutulia ni matawi ya mpera niliyoyakata nyuma ya nyumba, yenye unene usiolingana ili miguu isichoke. Nimeviweka chini chini, ili anayeteleza asianguke mbali.

3 Agosti, Jumapili. Joto

Sisi wa Mwanza tunajidanganya. Ziwa lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, jioni upepo unatoka majini, basi tunasema hapa hakuna joto kama la Dar es Salaam. Nje hakuna. Ndani ya gari lililofungwa ni habari nyingine.

Nimefanya jaribio saa saba mchana, gari likiwa juani, ndege wakiwa nyumbani kivulini. Nje nyuzi 30. Baada ya dakika 15 ndani zilifika 38. Dakika 40, nyuzi 45, na mimi nilikuwa nasoma kipimajoto kupitia kioo, sikuweza kukaa ndani. Ndege hatoi jasho. Akizidiwa anafungua mdomo, anahema, anayatenga mabawa na mwili. Ukimwona hivyo, tayari umechelewa kidogo.

Kwa hiyo: paa limepakwa rangi nyeupe, chini yake sponji na plaiwudi nyembamba. Madirisha mawili ya pembeni yamewekewa wavu wa mbu ili yakae wazi. Feni mbili ndogo za volti 12 nyuma, juu, zinavuta hewa ya ndani kuipeleka nje. Sikutaka feni ya kuwapulizia. Upepo unaomlenga ndege mwenyewe unamsumbua, hasa usiku. Hewa inapoondoka nyuma, mpya inaingia yenyewe kwa madirisha ya mbele.

Umeme wake si mkubwa. Feni zote mbili zinakula wati 5 hivi, saa 24 ni kama watisaa 120. Taa na simu zikiongezwa, siku nzima haifiki 220. Paneli ya wati 100 kwa jua letu inarudisha zaidi ya hapo, na betri ya lithiamu ya ampeasaa 100 inaweza kuvumilia siku mbili au tatu za mawingu. Fundi umeme alitaka kuniuzia paneli tatu. Nimekataa.

Jaribio la pili, rangi imekauka, feni zinazunguka, madirisha wazi: nje nyuzi 30, ndani 33. Nimefurahi, lakini sheria nimeiandika mlangoni kwa kalamu nyekundu, kwamba mchana ndege hawabaki garini peke yao, hata kama ni dakika tano za kununua maji. Feni inaweza kuzima.

8 Agosti, Ijumaa. Nane Nane

Nimekwenda viwanja vya Nyamhongolo mahsusi kwa ajili ya banda la mifugo. Daktari wa mifugo kijana alinisikiliza bila haraka, shikamoo na kiti, jambo ambalo sikulitegemea siku ya watu wengi vile.

Wasiwasi wake wa kwanza haukuwa barabara. Ulikuwa mdondo. Kila kijiji cha mwambao kina kuku wa kienyeji, na virusi vya mdondo haviishii kwa kuku, kasuku naye anaupata. Vinasafiri kwa kinyesi, kwa vyombo, kwa soli za viatu. Ushauri wake: msiegeshe ndani ya ua wenye kuku, viatu vya nje visipande garini, na maji ya kunawa yawe mlangoni. Akaniambia nisiondoke wilayani bila kumwonyesha ndege mtaalamu wa mifugo na kupata karatasi yake. Akataka pia kinyesi chao kwenye chupa, wakaguliwe minyoo. Nitampelekea Jumatatu.

10 Agosti. Jikoni

Mke wangu ametoa kikaango chake cha Teflon mwenyewe bila kuombwa, baada ya kusikia kwamba utando ule ukipashwa moto kupita kiasi unatoa moshi usio na harufu unaoua ndege ndani ya dakika. Sisi tutakaanga kwa chuma na kuchemsha kwa sufuria. Jiko la gesi litatoka nje chini ya turubai kila mara. Udi, dawa ya mbu ya kupuliza na ile ya kuchoma, vyote vimebaki nyumbani. Tutalala na chandarua.

17 Agosti, Jumapili. Kisesa

Siku tatu mfululizo nimewaingiza garini bila kuwasha injini, wakala uwele wao humo, wakarudi ndani. Siku ya nne injini ikawashwa tukabaki uani. Leo, barabara.

Tulipita Igoma tukafika Kisesa, tukasimama karibu na Bujora kwenye kivuli, tukarudi. Matuta ya barabarani yamenifundisha mambo mawili. Bakuli la maji lilimwagika tuta la kwanza, likalowesha mbegu zote. Sasa tunatoa maji kabla ya kuondoka na kuning'iniza vipande vya tango. Wanapata unyevu humo, na kila tukisimama maji yanarudi. La pili ni vijiti. Nilikuwa nimevilaza kwa urefu wa gari, ndege wakawa wanateleza kuelekea mbele kila nikigusa breki. Nyumbani nimevigeuza vikate gari kwa upana. Sasa wanainama mbele na nyuma kidogo, wanabaki mahali pao.

Gogogo hakusema neno njia nzima. Nilizoea kelele zake kiasi kwamba ukimya ule ulinitisha. Tulipozima injini Bujora akaanza, na wenzake wakamfuata.

23–24 Agosti. Lamadi

Usiku wa kwanza nje. Kilomita zaidi ya 100 kutoka nyumbani, tumepumzika Magu kwa saa nzima. Bibi mmoja tuliyemwomba kuegesha karibu na shamba lake alitupokea kwa "mwadila", salamu ya Kisukuma, na kutuonyesha mahali pa upepo. Nilimweleza kuhusu kuku wake, nikiogopa ataona tunamdharau. Akasema mdondo ulimmalizia banda zima zamani, tukae tu mbali kwa amani. Tukakaa chini ya mkwaju, mita 60 kutoka bandani.

Saa kumi jioni likapita kundi la kasuku wa porini, kijani na kifua cha chungwa, midomo myekundu kama pilipili. Hawa ndio lavubedi wa kweli. Jina lao la kisayansi ni Agapornis fischeri, walilopewa mwaka 1887 kwa heshima ya msafiri Mjerumani aliyeitwa Fischer, na nyumbani kwao ni hapa, nyanda za kusini na mashariki ya Ziwa Victoria mpaka Serengeti. Wangu, ambao mtaani tunawaita kwa jina hilo hilo, asili yao ni Australia, wamezaliwa tunduni kizazi baada ya kizazi. Wale wa porini walitua kwenye mkwaju. Wangu wote wanne walinyamaza, wakajinyoosha wembamba, halafu Ningu akaita. Wa juu wakajibu. Waliitana hivyo labda dakika kumi, kila upande kwa lugha yake.

Kijana mmoja wa pale akasema, "Babu, wafungulie waende na wenzao." Alisema kwa huruma, nami nilimjibu kwa uangalifu: wangu hawajui mwewe, hawajui kutafuta maji, na kama wana ugonjwa wowote wataupeleka kwa wale wa porini ambao hawajawahi kuukuta. Nikafunga wavu wa dirisha la upande huo mpaka kundi likaondoka. Nimelifikiria jambo lile usiku kucha. Ndege wa porini wa kwetu waliwahi kukamatwa kwa maelfu kuuzwa nje, na mimi ninayependa ndege namna hii sitaki mkono wangu uonekane karibu na biashara hiyo. Nikiulizwa tena nitasema hivyo hivyo, na nitasema pia wasikamate wa mkwajuni kuniletea.

Usiku haukuwa mwepesi. Jua lilipozama wadudu wa ziwani waliinuka kama moshi juu ya maji, wakaja kwenye taa yetu, na wavu wa mbu ukazibika. Ikabidi kuzima taa na kuupangusa. Halafu saa nane lori likageuza barabarani, taa zake zikapita ndani ya gari, na ndege wakaruka wote kwa pamoja gizani wakijigonga. Mke wangu akawasha tochi akaielekeza kwenye paa, akawa anawasemesha polepole kwa sauti ya nyumbani. Furu alivunja unyoya mchanga wa bawa, ule ambao bado una damu ndani, na matone yalikuwa kwenye vijiti vyote. Nilimshika kwenye kitambaa, nikabana unga laini pale panapovuja dakika tano bila kuachia. Damu ikakata. Moyo wake ulikuwa unanidunda viganjani kama cherehani ya umeme, na sikumrudisha mpaka ulipopungua.

Tumejifunza kulifunika tundu kwa kanga mbili pande tatu, na kuacha taa moja ndogo ya njano ikiwaka usiku kucha ili wakishtuka wauone ukuta ulipo. Usiku wa pili walilala kwa muda wa saa 11 bila kugutuka.

Asubuhi furukombe alilia kutoka majini, mara tatu, shingo nyuma kama afanyavyo. Hawakutikisika hata mmoja. Sauti hiyo hata Mwanza wanaisikia.

6 Septemba, Jumamosi. Ng'ambo

Miaka yote sikuwa na wateja Sengerema kwa sababu ya foleni ya kivuko. Pale Kigongo uliweza kusubiri jua likikupiga, mbele lori linaunguruma, nyuma basi linaunguruma. Nisingethubutu kupanga foleni hiyo na ndege. Daraja la J.P. Magufuli limefunguliwa 19 Juni mwaka huu, kilomita 3 kutoka Kigongo mpaka Busisi, na leo tumelivuka kwa dakika chache, madirisha wazi, kipimo cha kaboni kikisoma sifuri. Katikati ya daraja upepo wa pembeni ni mkali, na Hiace iliyoinuliwa paa inausikia. Nilipunguza mwendo mpaka 40.

Sengerema nilitengeneza vyerehani vinne chini ya mwembe, tundu likiwa mezani pembeni yangu, na sijawahi kupata watazamaji wengi namna ile. Mtoto wa mteja wangu alisogea na kipande cha parachichi, mkono umeshanyooshwa kwa Sato. Niliushika mkono ule kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, akalia. Parachichi ni sumu kwa ndege. Nikampigia magoti mtoto nikamwomba radhi, nikampa uwele amlishe Sato yeye mwenyewe, na akabaki nasi mpaka jioni. Nimechora kwenye kibao picha ya parachichi na chokoleti zimepigwa mstari. Kitaning'inizwa kwenye tundu kila tukiwa sokoni.

16 Septemba, Jumanne. Nyakato

Majibu ya kinyesi ni safi. Karatasi ya daktari imo kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Unyoya mpya wa Furu umeanza kuchomoza.

Bado mlango wa nyuma unapiga kelele kwenye rafu, na kitanda kimezidi urefu kwa sm 4 hivyo droo ya vifaa haifunguki yote. Vitasubiri. Nimejaribu kipimo cha kaboni kwa kitufe, kimelia. Shuka jeupe limetandikwa tena leo mchana, limetoka jeupe.

Mke wangu amekata tango na kulifunga kwenye kitambaa chenye maji. Kanga mbili zimo. Kesho saa kumi na moja alfajiri tunaelekea Musoma, safari ile ile ya siku nane.